Sindano ya Mgongo

Babu yangu alitunza karatasi mbili katika maisha yake: ya kodi na ya malale. Ya kodi aliichoma mwaka 1960, mchana, mbele ya majirani, Uhuru ulipotangazwa. Ya malale aliisokomeza ndani ya mwanzi, akautundika juu ya moshi wa jiko, na hapo ukakaa mpaka alipokufa. Alisema serikali huondoka, lakini watu wa malale hurudi.

Wabelgiji waliiita pasipoti ya kiganga. Mtu wa sehemu zenye malale aliyetaka kusafiri ilimpasa aionyeshe, na mihuri yake ilieleza kwamba mwenye karatasi ameshikwa shingo, damu yake imetazamwa, na kama ilibidi, amechomwa sindano ya mgongo. Babu alichomwa. Alipotusimulia hakuanza na maumivu. Alianza na wanaume wawili waliomkunja mpaka magoti yakagusa kidevu, mtu mzima mwenye watoto, na wakwe zake wamesimama kwenye mstari nyuma yake wakisubiri zamu yao.

Mimi nilikuja kuwa muuguzi katika zoni ya afya ya Kamango, na watoto niliowakunja kwa namna ileile ni wengi. Sasa nimestaafu. Ninachotaka kusimulia ni habari za sindano hiyo bondeni kwetu: ilivyofika, ilivyochukiwa, jinsi sisi waganga wenyewe tulivyoifungia kabatini, na jinsi mashine ya sumaku ya Malawi, inayoitwa MRI na kwetu tuliosoma Kifaransa IRM, ilivyotufanya tuitoe tena. Historia hii huelezwa kinyume. Vijana huambiwa kwamba picha imekuja kuchukua nafasi ya sindano. Kwetu picha ndiyo iliyoisafishia jina.

Kwa asiyepajua: Kamango iko katika sheferi ya Watalinga, teritware ya Beni, Kivu ya Kaskazini, mashariki ya mto Semliki na chini ya Ruwenzori. Uganda iko karibu kuliko Beni. Ukivuka mpaka wa Nobili unaingia Bundibugyo, katika nchi ya Bwamba, na watu wa kule ni ndugu zetu. Lugha ni moja, huku ikiitwa Kitalinga, kule Kibwisi. Mpaka wenyewe ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Kwa hiyo nikisimulia mambo ya Bwamba au ya Entebbe, msomaji asidhani nimehama nyumbani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 huko Uganda, wengi wao kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1902 London ilituma tume Entebbe kutafuta chanzo. Ndani ya tume hiyo alikuwamo Mwitalia kijana, Aldo Castellani, na mkononi alikuwa na ufundi ambao Mjerumani Heinrich Quincke aliutangaza mwaka 1891: kuchoma sindano chini ya mgongo, pale ambapo uti wenyewe umekwisha, na kuvuta maji yale yanayozunguka ubongo. Quincke alitaka kupunguza maji katika vichwa vya watoto. Castellani alitaka kujua kilichomo. Aliyazungusha maji ya wagonjwa wa malale katika mashine, akatazama tone la chini kwa darubini, akaona vijidudu vinavyojinyonga: tripanosoma. Mwaka uliofuata David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Hapo, majuma machache tu ya miguu kutoka Semliki, mtu aliweza kusema ni kitu gani kimeingia katika ubongo wa mgonjwa aliye hai.

Upande wetu, mfalme Leopold aliita wataalamu wa shule ya Liverpool. Joseph Dutton na John Todd walizunguka Kongo kuanzia 1903, na wao ndio waliosisitiza kushika tezi za shingo kama njia ya haraka ya kuwachuja watu. Dutton alifia njiani, Maniema, mwaka 1905, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Kazi yao ikawa utaratibu wa serikali kwa miaka hamsini iliyofuata: shingo, damu, mgongo. Timu za malale zilifika kijijini na meza, darubini na askari. Shefu alikuwa ameshapiga ngoma. Aliyekuwa na tezi alitolewa kwenye mstari.

Mgongo ulikuwa na sababu yake. Kidudu kikiwa bado katika damu, dawa moja ilitosha. Kikishavuka kuingia ubongoni, ilitakiwa dawa nyingine, yenye sumu zaidi. Kwanza ilikuwapo atoksili, ya aseniki, iliyowapofusha wengine. Ikaja triparsamidi, nayo ikapofusha. Ikaja melarsoproli mwaka 1949, aseniki tena, iliyoponya wengi na kuua kama watano kati ya kila mia waliodungwa. Sasa jiweke mahali pa mwanakijiji. Anamwona jirani anatolewa kwenye mstari, anakunjwa, anachomwa mgongoni. Mwezi haujaisha, jirani amekufa au haoni. Yule ambaye hakuchomwa yuko shambani analima. Watu hawakuwa wajinga. Walihesabu walichokiona, na hesabu ilitoka kwamba sindano ndiyo inayoua. Mpaka leo, kule Kamango, ukimwambia mama kwamba mtoto atatolewa maji ya mgongo, neno la kwanza ni, “Docta, si atapooza?” Kila mwenye koti jeupe ni docta, hata mfagiaji.

Iko sehemu moja ya hadithi hii ambayo huwachekesha wanafunzi wangu, kisha huwakasirisha. Mwaka 1936 Wamarekani wa mfuko wa Rockefeller walifungua Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka uliofuata walikuja Bwamba, ambako barabara ilikuwa ikichongwa, wakachukua damu ya vibarua tisa wenye homa. Damu ile ilipelekwa Entebbe na kudungwa ndani ya ubongo wa panya weupe. Panya waliumwa. Ndivyo kilivyopatikana kirusi cha Bwamba. Mwaka 1942 walirudi kukamata mbu katika msitu wa Semliki, wakawasaga, wakawadunga panya ubongoni kwa namna ileile, na Kenneth Smithburn na Alexander Haddow wakakipa kirusi kipya jina la msitu wetu. Kirusi cha Semliki kilikuwa hodari sana wa kuvimbisha ubongo wa panya, na kwa kuwa binadamu hakimdhuru sana, maabara za Ulaya zilikipenda. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kujua kirusi kinavyoingia ubongoni alifanya kazi na Semliki Forest. Mwaka 1980, Heidelberg, Ari Helenius na Kai Simons walikitumia kuonyesha jinsi virusi vinavyomezwa na seli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi mmoja wa Ujerumani aliambukizwa maabarani, akafa kwa uvimbe wa ubongo.

Kwa hiyo yuko profesa Stockholm au Edinburgh ambaye amelitamka jina la mto wetu kila siku ya kazi. Nami nimefanya kazi kandokando ya mto huo maisha yangu yote, na mtoto akiletwa na degedege na homa, sina njia ya kujua kama ni kirusi cha Semliki, cha Bwamba, au cha wapi. Panya wa Entebbe walichunguzwa ubongo kuliko watoto wa Watalinga.

Uuguzi nilisomea katika hospitali ya Nyankunde, mwisho wa miaka ya 1970. Hospitali ile ilizaliwa baada ya maasi ya Wasimba, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa daktari Carl Becker, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa amekaa Oicha tangu miaka ya 1930 akitibu wakoma na kila ugonjwa mwingine uliopita mlangoni. Wanafunzi wa shule ile walifundishwa kwa mikono. Sindano ya mgongo tuliijua kabla hatujajua kusoma vizuri kitabu chake. Unamlaza mtoto kwa ubavu. Msaidizi anamkunja, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya magoti, wala hambani kifua, maana mtoto atashindwa kupumua. Unapapasa mifupa ya nyonga, unashuka kidole mpaka kwenye nafasi. Unasukuma polepole. Kuna kitu kinachoachia, kidogo sana, ukishakihisi mara moja hukisahau. Maji yanadondoka. Unaiinua chupa dirishani, unaweka gazeti nyuma yake: ukisoma maandishi, maji ni masafi, yakiwa kama maji ya mchele, ni homa ya uti wa mgongo, na huna haja ya kungoja mtu wa maabara ili uanze dawa.

Samahani kwa kukawia hapo. Ni kazi niliyoipenda.

Kisha hofu ikaja, na safari hii haikutoka kijijini. Ilitoka kwenye vitabu. Mtoto mwenye malaria ya ubongo na mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo wanafanana: homa, degedege, kupoteza fahamu. Njia ya kuwatenganisha ni sindano. Lakini ubongo ukiwa umevimba ndani ya fuvu, ukatoa maji chini, madaktari waliogopa kwamba ubongo utashuka kwenye tundu la chini ya fuvu na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Mwaka 1991 Charles Newton na wenzake wa Kilifi, Kenya, waliandika katika jarida la Lancet kwamba walipima msukumo ndani ya vichwa vya watoto wenye malaria ya ubongo na kukuta uko juu, wakashauri sindano ya mgongo icheleweshwe kwa watoto hao. Ushauri ulikuwa wa haki kwa waliyoyaona. Ulivyofika kwetu, kupitia semina baada ya semina, ulikuwa umefupishwa: mtoto aliyezimia usimchome.

Hapo waganga na wazee wakakutana. Wazee walikuwa wamesema tangu enzi za Wabelgiji kwamba sindano inaua. Sasa docta naye anasema hivyo. Sindano zikaingia kabatini. Mtoto aliyezimia tulimpa kwinini na dawa ya bakteria kwa pamoja, tukaomba Mungu kwamba moja itapata. Hata leo hilo ni jambo jema kuliko kungoja, na kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinaliruhusu pale sindano isipowezekana. Ila mtoto akifa hujui amekufa na nini, na akipona akawa kiziwi unasema ni malaria. Nimeandika “malaria kali” kwenye daftari mara nyingi ambazo moyoni nilijua sijui.

Mambo ya vita yalizidisha. Julai 2013 waasi wa ADF waliishambulia Kamango, na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia Bundibugyo kwa miguu, wauguzi tukiwa miongoni mwao. Desemba walirudi tena, sikukuu ya Noeli. Barabara ya Mbau kwenda Kamango, inayopita mbuga ya Virunga, ikawa ya kuogopwa. Ni kwenye njia hiyo, katika kambi ya Semliki, walikouawa askari wa amani wa Tanzania wasiopungua 14 Desemba 2017. Mgonjwa wa kupelekwa Beni au Butembo mara nyingi alitoka Kongo kwanza: Nobili, Bundibugyo, Fort Portal, Kasese, kisha kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Mtoto aliyezimia, mgongoni kwa mama, juu ya pikipiki, nchi mbili. Halafu ikaja Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyegusa maji ya mwili wa mtoto mwenye homa kabla ya kipimo kurudi.

Sasa twende Blantyre, kusini ya Malawi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth, tangu miaka ya 1980, Mmarekani Terrie Taylor na Mwingereza Malcolm Molyneux walikuwa wakikesha na watoto wa malaria ya ubongo. Kitu chao cha kwanza kilichotufikia ni kipimo cha kuzimia, cha mwaka 1989, ambacho hakihitaji hata saa: je, macho ya mtoto yanafuata uso wa mama? Ukimbana mfupa, anaondoa mkono wako, anavuta kiungo, au hakuna? Analia vipi? Unajumlisha, toka sifuri mpaka tano. Kile cha Glasgow kinamtaka mgonjwa aseme, na mtoto wa miezi kumi hasemi hata akiwa mzima. Cha Blantyre nilikiandika kwa chaki ukutani.

Cha pili kilituumiza. Waliwaomba wazazi wa watoto waliokufa ruhusa ya kuwapasua, jambo gumu kokote Afrika, na wazazi wengine wakakubali. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Kati ya watoto 31 walioandikwa kwamba wamekufa kwa malaria ya ubongo, 7 walikuwa wamekufa kwa kitu kingine kabisa. Walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, kama nusu ya watoto wa kijiji walivyo navyo, lakini si malaria iliyowaua. Na kilichoweza kuwatenganisha walipokuwa hai kilikuwa jicho: ukiangaza nyuma ya mboni, mtoto mwenye malaria ya ubongo ya kweli ana madoa meupe, mishipa iliyobadilika rangi, madoa ya damu iliyovuja. Saba kati ya 31, tena mikononi mwa watu waliokuwa makini kuliko sisi. Nilifikiria daftari langu.

Cha tatu ni MRI. Mwaka 2008 kampuni ya General Electric ilitoa mashine kwa hospitali ile, ya kwanza nchini Malawi. Mashine za hospitali kubwa huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, na sumaku yao hupozwa kwa heliamu ambayo ikikatika mashine imekufa. Ya Blantyre ilikuwa ya 0.35, sumaku ya kudumu isiyohitaji heliamu. Kazi yake ni moja na ya wakubwa zake: inayapanga maji ya mwili kwa sumaku, inayagonga kwa mawimbi kama ya redio, na inasikiliza yanavyorudi mahali pake. Maji ya ubongo mzima na maji ya ubongo uliovimba hayarudi kwa mwendo mmoja, na tofauti hiyo ndiyo picha. Paul Lauterbur alipochapisha picha ya kwanza mwaka 1973 ilikuwa ya vichupa viwili vya maji. Miaka minne baadaye Raymond Damadian na wasaidizi wake walitumia karibu saa tano kupata picha moja ya kifua cha mtu. Mtoto hawezi kutulia hivyo, ndiyo maana kwa kawaida hupewa dawa ya usingizi. Watoto wa Blantyre hawakuihitaji. Walikuwa wamezimia.

Matokeo yalitoka Machi 2015 katika New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Karl Seydel. Watoto 168, wote malaria yao imethibitishwa kwa jicho. Walikufa 25. Kati ya hao 25, watoto 21 ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya walipofika. Kati ya waliopona, robo na ushee tu walikuwa hivyo, nao picha za siku zilizofuata zilionyesha uvimbe ukishuka haraka. Mtoto anakufa kwa sababu ubongo unavimba, unabana mahali pa pumzi, pumzi inakatika. Akivuka siku zile chache, uvimbe unaisha wenyewe. Watu walikuwa wamebishana juu ya hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Dawa za kupunguza uvimbe zilikuwa zimejaribiwa bila mafanikio, hata manitoli pale hospitali ya Mulago, Kampala. Ndipo Blantyre wakaanza jaribio la kumpumulia mtoto kwa mashine, kumvusha tu.

Lakini kwangu mimi habari kubwa ilikuwa ya mwaka mmoja baadaye, na sikuisikia ikitangazwa redioni. Wenzao wa Blantyre walirudi kwenye daftari zao za watoto waliozimia, zaidi ya 1,000, wengine wamechomwa sindano ya mgongo na wengine la, na baadhi yao wakiwa na picha ya MRI. Swali lilikuwa lile la wazee wetu: je, waliochomwa walikufa zaidi? Hapana. Hata wale ambao picha ilionyesha ubongo umevimba, sindano haikuongeza vifo. Masharti yalikuwapo: mtoto ambaye mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, au pumzi inayumba, hachomwi, anangojwa. Waliobaki, mchome, ujue ana nini.

Nilizisikia habari hizi katika mafunzo mjini Butembo, kwenye kompyuta ndogo ya daktari kijana, na picha mbili ukutani zikififia kwa mwangaza kwa sababu mapazia hayakutosha. Ubongo wa kushoto ulikuwa na mikunjo yake, na maji meusi kati ya mkunjo na mkunjo. Wa kulia mikunjo ilikuwa imelala, umejaa fuvu, hakuna nafasi popote. Muuguzi mmoja wa Oicha, mzee kuliko mimi, alisimama akauliza, “Basi wale tusiowachoma miaka ishirini?” Daktari aliendelea na picha iliyofuata.

Lazima niwe wa haki kwa mashine. Kuna mengi sindano haiyaoni. Jipu ndani ya ubongo, uvimbe wa kifua kikuu chini ya ubongo, vifuko vya minyoo ya nguruwe, yote hayo picha inayaonyesha, na jipu ni moja ya sababu zinazomkataza mtu kuchoma. Na kuna watoto wa kichwa maji. Mtoto anapata maambukizi wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, anapona, mama anashukuru. Miezi miwili baadaye kofia haimtoshi. Mama mmoja wa kwetu alizunguka Uganda nzima na mtoto wa namna hiyo mpaka Mbale, karibu na mpaka wa Kenya, kwa sababu aliambiwa kuna hospitali ya watoto tu. Ipo, tangu 2001, na Benjamin Warf aliendeleza hapo upasuaji wa kufungua njia ya maji bila kuacha mpira mwilini, jambo la maana kwa mtoto atakayerudi mahali kama Kamango, ambako mpira ukiziba hakuna wa kuuzibua. Watafiti wa Mbale walikuta watoto wengi wa kichwa maji walikipata kutokana na maambukizi, na mwaka 2020 walitaja bakteria waliyokuwa wakiitafuta kwa miaka: Paenibacillus. Yule mama hakujua lolote kuhusu bakteria. Alijua bei ya basi la Kampala.

Na mwaka 2022, Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake wa chuo kikuu cha huko, pamoja na watu wa Leiden, Uholanzi, waliunda MRI kwa vipande vilivyoletwa masandukuni. Sumaku ndogondogo zimepangwa duara, nguvu yake ni sehemu ndogo ya ile ya Blantyre, na iliwachukua siku 11. Picha zake zina ukungu. Kompyuta inaweza kuzisafisha, ingawa watafiti wameonya kwamba kompyuta ikisafisha sana inaweza kuchora kitu ambacho hakimo kichwani mwa mtoto. Kwa kichwa maji, picha ya ukungu inamtosha mpasuaji. Na Mbarara mtu wa Kamango anafika kwa basi. Kinshasa hafiki.

Sindano zimerudi mezani Kamango, si kila siku wala kwa kila muuguzi. Wazazi bado wanauliza juu ya kupooza, na sasa tunamwacha mama akae kichwani mwa mtoto, ashike mkono wake, tofauti na siku zile za mstari. Malale yenyewe sasa ina vidonge, feksinidazoli, vilivyopitishwa mwaka 2018, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kuchomwa mgongo. Babu angeitupa pasipoti yake.

Daktari kijana yule wa mafunzo, ambaye sasa tunapigiana simu, anaandika maombi ya msaada. Ameweka MRI ndogo ya kusukumwa kwa magurudumu juu ya orodha. Nimemwambia aisogeze chini. Juu aweke oksijeni, kisha mifuko ya kupumulia kwa mkono, ya ukubwa wa mtoto, kisha mshahara wa mtu wa kuibana usiku kucha, maana picha za Blantyre zilionyesha mtoto anakufa kwa pumzi. Kisha mtu wa maabara anayelala karibu, ili maji yakitoka saa nane za usiku yasomwe kabla seli hazijaharibika. Kisha sindano zenyewe, nyembamba. MRI ije baada ya hapo, nami nitakuwa wa kwanza kuishangilia. Ananijibu kwamba wafadhili hawapigi picha mbele ya mfuko wa kupumulia. Tumeshindana hivyo tangu mwezi wa tatu, na maombi bado hayajatumwa.